Jiwe Jeupe la Ermete

Pale Pietrasorda mtu haulizwi katoka wapi, huulizwa ana mtaro upi. Manispaa nzima imening'inia ubavuni mwa mlima, udongo mlaini juu ya mwamba unaoteleza, na wachoma makaa wa kwanza waliohamia hapo walijua kwamba maji yasipoonyeshwa njia hujitafutia. Basi kila kaya ikapewa kipande chake cha mtaro. Oktoba, kengele ya kazi ya wote ikilia, watu hupanda mlimani na majembe kuzoa matope mitaroni. Aliyemaliza huweka jiwe jeupe la mtoni kichwani mwa mtaro, naye msimamizi hupita akitazama mawe tu. Nani angedanganya kwa jiwe?

Ermete Baldacci alidanganya.

Ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa, naye ana miaka ishirini na sita. Kastanya zake, zile kokwa za miti ya mlimani, zilikuwa darini zikikaushwa, na moto wa chini yake haufai kufa wala kuwaka sana kwa siku thelathini. Kastanya ndizo unga, ndizo mkate wa mwaka. Alipanda, akaweka jiwe, akateremka mbio kuutazama moto. "Kesho nitarudi nizoe," alijiambia. Kesho ikanyesha. Siku ya nne mlima ukaachia, udongo ukaporomoka.

Ng'ombe walilia mapema, watu wakatoka, hakufa mtu. Lakini nyumba kumi na moja za kitongoji cha Chini zilikwenda mtoni na vitanda vyake. Msimamizi akapanda. Mitaro ilikuwa imefukiwa, vimebaki vichwa tu. Kwa Ermete palikuwa na jiwe. Kwa jirani yake, Olindo Passerini, hapakuwa na kitu, maana Olindo wiki ile alikuwa kitandani na homa.

Olindo akatemewa mate njiani. Kabla theluji haijayeyuka alipanda meli kwenda Argentina, asirudi. Ermete alinyamaza siku ya kwanza kwa woga, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kimya kikawa nyumba, akahamia. Aliajiriwa kutunza barabara za manispaa, na kwa miaka arobaini alizoa mitaro ya watu wote bila kuombwa. Wakimsifu, alikuwa akikohoa na kutazama pembeni.

Sasa ana miaka sabini na tisa, na Mwalimu Ivana ameandika historia ya manispaa, isomwe ukumbini Jumapili. Alhamisi alimletea kurasa jikoni.

"Soma, mwalimu. Masikio bado ni yangu, meno tu ndiyo ya kuazima."

"'Maporomoko yalianzia kipande cha Passerini, ambacho hakikusafishwa.' Ni sawa, Mzee Ermete? Shahidi umebaki wewe."

Mlangoni alikuwa amesimama Derna, dada yake Olindo, na jibini la mbuzi analomletea kila Alhamisi.

"Andika tu, binti yangu," alisema. "Wamelisema kwa midomo miaka hamsini, sasa lipigwe chapa. Na wewe Ermete, kula, usinikodolee macho kama mbuzi aliyeona kisu."

"Derna, keti."

"Nikiketi siinuki. Sema."

"Mwaka ule jiwe niliweka. Mtaro sikuugusa."

"Mtaro upi?"

"Wangu. Kwa Olindo chini ni mwamba, hata usipozoa maji hupita. Mlima uliachia kwangu. Niliuona ufa kwa macho yangu kabla msimamizi hajapanda."

Derna aliegemea mwimo wa mlango. "Aliniandikia kila Pasaka," alisema polepole. "'Derna, labda kweli ni mimi. Labda ningejikokota na homa ile ile.' Amekufa akiamini hivyo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, jibini langu lingekukwama kooni."

Akalichukua jibini lake, akatoka.

"Niandike nini?" mwalimu aliuliza.

"Jina langu. Lakini nitalisema mwenyewe kwanza."

Jumamosi alipanda na mkongojo hadi kichwa cha mtaro wake, saa tatu nzima, akalikuta jiwe lile limeota kuvu. Jumapili aliliweka mezani mbele ya meya, akasimulia bila kuacha kitu. Mmoja nyuma akasema, "Na sisi tulimtemea mate Olindo!" Derna aliondoka bila kumtazama.

Alhamisi ikaja bila jibini. Ikaja nyingine, na nyingine.

Oktoba kengele ilipolia, Ermete alikwenda kwenye kipande cha Passerini, ambacho hakikuwa na mtu wa kukizoa. Alichimba hadi mchana, goti moja chini, wala hakuweka jiwe. Derna akapanda taratibu akitumia fimbo. Hakutazama kichwa cha mtaro. Aliinama, akachoma matope ya chini kwa fimbo ile.

"Hapa bado," alisema.

Ermete akalichukua jembe, akarudi ndani ya mtaro.