Majani Chini ya Mteremko

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, Mwanangu, ni ile niliyoshuka kilima kwa baiskeli isiyo na mzigo, barabara ya kutoka Kalima kuja Kindu, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa na miguu migumu na akili nyepesi, na nilikuwa bado sijapata sababu ya kujiogopa.

Juzi ulinionyesha picha kwenye simu yako: watu waliovaa kofia ngumu wanapanda baiskeli kwenye vilima vya huko Goma, penye changarawe nyeusi iliyotemwa na mlima wa moto, na hakuna gari hata moja njiani. Nikakuuliza wanapeleka nini. Ukasema hawapeleki kitu, wanajifurahisha tu. Nilishtuka, nawe ukanicheka, ukidhani babu hajui mambo. Furaha ile naijua, Mwanangu. Niliijua wakati ambao mtu mwenye haya hakupaswa kuijua.

Wakati ule treni ilikuwa haifiki tena Kindu, na meli zilikuwa hazipandi mto. Malori yalitoweka kabisa, nyasi zikaota katikati ya barabara. Watu wa Kalima wakitaka chumvi na sabuni, walipelekewa na sisi wenye baiskeli. Unafunga magunia, unafunga fimbo kwenye usukani ili uongoze ukiwa pembeni, kisha unasukuma siku mbili au tatu, kupanda kwa kifua, kushuka kwa kuvutia nyuma. Ukirudi mtupu, basi, barabara yote ni yako. Unakaa kitini, unasikiliza kokoto chini ya matairi, na kwa dakika chache unasahau kwamba watu wanakufa. Nakiri kwamba nilikuwa naingojea miteremko ile kwa hamu.

Aliyenifundisha kazi ni Baba Amisi, jirani yetu wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sheria yake kubwa ilikuwa moja. Ukikuta hatari chini ya kilima, daraja limevunjika au mti umelala njiani, unaacha baiskeli yako hapo, unarudi juu kwa miguu mpaka mwanzo wa mteremko, unakata majani mabichi, unayalaza katikati ya njia na kuyakandamiza kwa jiwe. Anayekuja nyuma akiyaona, anashuka na kutembea. Asipoyaona, anajua chini ni salama, anaiachia baiskeli iende. Kila mmoja wetu alikuwa hai kwa sababu ya majani yaliyowekwa na mtu asiyemjua.

Siku hiyo tulitoka Kalima watatu: mimi, Baba Amisi, na mke wake Mama Zaina, ambaye alikaa nyuma ya mumewe kwenye keria. Alikuwa amekwenda kule kwa ndugu zake, akashikwa na homa ya siku nyingi, na Kalima dawa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alikuwa anapelekwa hospitali Kindu. Wenzetu wengine wenye baiskeli, nao na wagonjwa wao, walikuwa watatufuata mchana. Mwendo wa Baba Amisi ulikuwa wa polepole mno kwangu.

"Usituache, mutoto yangu," aliniambia.

"Natangulia kuwaangalizia njia, Baba," nikajibu, na hapo nikajiona mtu mwema sana.

Kilima kile kilikuwa kirefu, na nilikishuka bila kugusa chini. Penye kijito, daraja la magogo manne lilikuwa limebaki gogo moja. Nililiona nimekwisha kukaribia. Breki hatukuwa nazo; nikabana gurudumu kwa unyayo mpaka ngozi ikachubuka, nikaanguka, baiskeli ikasimama hatua mbili kabla ya shimo. Nililala pale namshukuru Mungu.

Kisha nikageuka nikakitazama kilima. Nilikitazama, Mwanangu, sikusahau. Jua lilikuwa kali, unyayo unawaka, tumbo halikuwa na kitu tangu asubuhi, na ng'ambo ya kijito nilisikia watu wa kijijini wanatwanga. Nikakata majani. Nikayalaza palepale chini, hatua kumi hivi kutoka shimoni, nikayapanga vizuri, nikaweka na jiwe. Nikajiambia kwamba nimeweka majani. Nikajiambia pia kwamba Baba Amisi ni mzoefu. Nikavuka majini na baiskeli begani, nikaenda zangu.

Nilikuwa nimekwisha kuoga, nimejinyoosha kidogo, na sasa nakula wali na mboga ya sombe kwa wenyeji wangu wa kijiji kile, wakati mkulima mmoja alipofika mbio kusema kuna mtu amevunjika darajani. Niliacha tonge sahanini, nikamfuata mbio.

Tulimkuta Baba Amisi amekaa ndani ya kijito, goti lake limegeukia upande ambao goti haligeukii. Mama Zaina alikuwa kando ya njia, amelowa jasho, miguu mitupu ina matope na damu, hawezi hata kuinua kichwa. Nikadhani ni kuanguka pamoja na homa. Nikaelewa mara moja kilichotokea. Baba Amisi alifika juu, hakuona majani, na kwa kuwa mimi nilikuwa mbele, mtu wake mwenyewe, hakuwa na shaka yoyote. Aliiachia baiskeli na mke wake mgonjwa nyuma.

"Nani njo aliweka ile majani hapa chini?" mkulima akauliza.

"Nimeyakuta," nikasema. Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu.

Baba Amisi aliyatazama majani, kisha akanitazama mimi. Hakunisuta. "Peleka mama yako Kindu," akasema. "Miye nitangoja hapa, huu muguu hautafika kwa baiskeli."

Nilimsukuma Mama Zaina siku mbili, amefungwa kwenye keria kwa kitenge asianguke. Kila nilipomaliza kupanda kilima alinishukuru. Aliniombea afya, akaniombea mke mwema, akaniombea watoto. Nami nilisema amina. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba nilisema amina kila mara, kwa sauti.

Tulipofika mto tukapanda mtumbwi kwenda upande wa hospitali. Katikati ya maji akaanza tena kuniombea, nikashindwa.

"Mama, ile majani njo miye niliiweka," nikamwambia. "Nilichoka kupanda."

Mpiga kafi aliacha kupiga, mtumbwi ukachukuliwa kidogo na maji.

"Minajua," Mama Zaina akasema. "Baba yako aliniambia palepale. Akasema nisikuulize, utasema mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nilitaka kumuangalia muguu, akakataa. Akasema nyuma kuna bagonjwa wengine wanakuja, majani ingine iende juu kwanza. Pale hapakuwa muntu mwingine. Nilipanda miye."

Nilitazama miguu yake. Yale matope, ile damu, nilikuwa nimeviona siku mbili nzima na sikuuliza. Mwanamke aliyefungwa kwa kitenge ili asianguke ndiye aliyepanda kilima kile, na, kama alivyoniambia baadaye, sehemu ya mwisho aliipanda kwa magoti. Mimi wakati huo nilikuwa naoga.

Mama Zaina alipona, namshukuru Mungu. Mguu wa Baba Amisi haukukunjika tena, na baiskeli hakuipanda tena mpaka alipofariki. Wote wawili hawakumwambia mtu. Ningependa wangenitukana sokoni, ningelala vizuri zaidi.

Sasa sikiliza. Sikukatazi kushuka vilima, wala kufurahi. Furahi, maana sisi tuliiba furaha yetu, na wewe umepewa yako mchana kweupe. Ninachokuambia ni hiki: siku utakayoponea chupuchupu, iwe barabarani, iwe kazini, iwe nyumbani kwako, usidhani mambo yamekwisha kwa sababu wewe umepita. Kuna mtu nyuma yako, na huyo anakwenda kwa mwendo ule kwa sababu anakuamini. Rudi juu. Utakuwa umechoka, wanaorudi juu wote wamechoka. Na ujihadhari hasa na ile kazi unayoifanya ili tu uweze kusema umeifanya, maana mimi majani niliyaweka, na niliyapanga vizuri. Ukishindwa, ukakosea kama nilivyokosea mimi, basi sema siku hiyohiyo, usingoje kuombewa siku mbili.

Nenda, Mwanangu. Mungu akutangulizie watu wanaorudi juu, na akikuweka wewe mbele, akupe miguu ya kurudi.