Ua Nilioufunika Bati

Nakumbuka siku ile niliyosimama Chumbageni, hapa Tanga, na Fundi Mbwana, nikikipima kiwanja changu kwa miguu. Hatua saba tu, ukuta wa jirani huyu hadi ukuta wa jirani yule. Miaka ya hamsini hiyo, mimi karani wa stesheni, suruali imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Mwanangu, jana uliponikunjulia ramani ya kiwanja chako chembamba nilifumba macho, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa namkumbuka mama yangu.

Fundi alinishauri vizuri, Mungu amrehemu. Alisema kiwanja kama kile usilazimishe vyumba pande mbili. Ukumbi upite ubavuni, vyumba vifuatane kwa mstari mmoja, baraza dogo mbele, na nyuma ubaki ua wazi, ili upepo uingie mlango wa mbele utokee nyuma. Mimi nikabisha. Pale pa ua nilitaka sebule yenye viti vya mito, kama ya mkubwa wangu wa kazi.

"Na mama yako akija, atakaa wapi?" fundi akaniuliza.

"Atakaa kwenye kiti," nikamjibu.

Hakubishana nami tena. Akaezeka bati mpaka ukuta wa mwisho.

Mama alikuja kutoka Ushongo alipomaliza eda ya baba. Nilikuwa nimemwahidi kwamba tutaishi pamoja mpaka Mungu atutenganishe. Alikuja na kisanduku kimoja na mzigo wa ukindu, maana alikuwa msusi wa mikeka. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti, mgongo wima, kama mtu anayengoja kuitwa barazani kwa hakimu. Nami nikafurahi, mjinga mimi! Siku ya pili akahamia chini ukumbini na usukaji wake, kila apitaye anamruka. Wageni wangu wa kiume wakiingia, anakusanya ukindu wake na kujifungia chumbani, kwenye giza. Majirani wa kike walikuja mara moja, wakaona hapana pa kukaa wakazungumza, hawakurudi. Wewe mwenyewe unajua, kwetu wanawake hutembeleana uani.

Jumapili moja nikakuta kisanduku kimefungwa kamba. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, mwanangu. Nyumba yako nzuri. Ila mimi sina pa kukaa."

Nikamsindikiza kwenye gari la Pangani, arudi kwao Ushongo. Niliona haya, nikajitia kununa, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Mwaka mzima nilikaa na kiburi changu katika sebule ile yenye joto. Kisha nikamwita fundi, tukaezua bati, tukavunja, ua ukarudi na anga likaonekana. Nikatuma salamu Ushongo: mama, ua upo, njoo. Jibu likaja kwamba atakuja akimaliza mkeka alioanza.

Homa ikamuwahi. Baada ya matanga shangazi akanikabidhi mkeka wenyewe, amebakisha kuufunga upindo tu. Ulikuwa mrefu mno na mwembamba, sijapata kuona mkeka wa umbo lile. Nikarudi nao Tanga, nikautandika uani. Ukaenea ukuta kwa ukuta, haukuzidi wala haukupungua. Kumbe siku ile nilipomwona amekaa wima kwenye kiti, alikuwa anaipima sebule yangu kwa macho, na kilichokuwa moyoni mwake ni ua. Nilikaa juu ya mkeka ule nikalia. Na mpaka leo, mwanangu, nikisikia harufu ya ukindu, nashikwa na hamu ya kumwona mama.

Basi chora. Wembamba wa kiwanja usikutishe, watu wamelea watoto kumi kwenye hatua saba. Ukumbi upitishe ubavuni, vyumba vipunguze, lakini ua uache wazi, hata ukiwa wa kutosha mkeka mmoja. Na kabla hujaanza, nenda kamuulize mama yako anapenda kukaa wapi, maadamu yupo wa kukujibu. Mungu akusimamishie nyumba hiyo kwa salama, akupe umri wa kuizoea, na siku ya kuhamia akuonyeshe mama yako amekaa uani, amenyoosha miguu.