Kipolandi Nilichokipeleka Masaki

Nacheka tu sasa, maana kulia nimeshalia. Mpaka leo nikiteremka bodaboda kule Masaki kwa bibi (Masaki ya shamba, si ile ya matajiri), watoto wa jirani wananipokea kwa kelele, "Peroni! Mwalimu Peroni kaja!", na mimi mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi kule Mlandizi, nainamisha kichwa napita zangu. (Tulieni, peroni ni nini mtajua.)

Yote yalianza pale mdogo wangu Pina alipopata mchumba Mpolandi, Marek, kijana mpole aliyekuja Mlandizi kuchimba visima na Kiswahili akakijua mpaka cha sokoni, tukaambiwa mama yake atakuja kwenye posa, na mama mwenyewe hajui Kiswahili wala Kiingereza. Nikasema mimi dada mtu nitajifunza Kipolandi. Nikapata kozi mbili za wanaoanza. Ya kwanza ya dada mmoja aliyesoma kule, anafundisha kwa simu kila jioni, anakuuliza unajibu, ukikosea anakusimamisha hapohapo unarudia. Ya pili ya kusikiliza tu, Kipolandi cha Msafiri, unaifuata huku unakuna nazi, na mwisho unapewa cheti. Sasa mimi ninayesahihisha watoto wa watu kutwa nzima, jioni tena nikae nisahihishwe? Nikachukua ya cheti. Na kilipotoka (kina utepe mwekundu, wacha!) nikakipiga picha nikakirusha kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, maana Mjomba Kondo alijibu palepale, "Mkalimani tunaye ndani. Wa nje wa nini?"

Siku ya posa Marek alibaki Mlandizi, kwa kuwa kwetu mposaji haonekani wala hafungui mdomo siku hiyo, anasemewa na mshenga. (Na msiniambie habari za kumpigia au kutafsiri kwa simu, kwa bibi mtandao unaupata ukipanda kichuguu, na kichuguu chenyewe kilikuwa na siafu.) Mama Marek akaketishwa mkekani katikati ya shangazi zangu, kitenge kimemkaa vizuri, uso mwekundu kwa joto, anatabasamu kwa kila mtu. Nikamsalimu kwa Kipolandi, akaitikia kwa furaha, vigelegele vikafika mpaka kwenye mikorosho. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa.

Mjomba Kondo akasimama akaeleza ukoo wetu tangu mababu, nani alitoka wapi, nani alimzaa nani, kisha akanigeukia. "Haya mwalimu, mfikishie."

Nikatafuta kichwani, nikakuta stesheni ya treni tu, maana msafiri anafundishwa treni, hoteli na bili. Ningesema sijui, yangeisha. Badala yake nikanyoosha mkono kama mjomba, nikanguruma, "Gdzie jest peron?", yaani jukwaa la treni liko wapi, nikaongeza kwamba treni yangu imechelewa, nikamalizia kwa kuomba chumba chenye dirisha. Vigelegele! Shangazi mmoja akafuta machozi akisema, "Kasema kweli tupu." Mama Marek, masikini, akageuka akatazama shamba la mihogo, nadhani akiitafuta hiyo treni, kisha akaniona ninavyotoka jasho, akanielewa, akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, "Tak, tak," yaani ndiyo, ndiyo. Nilimpenda hapohapo yule mama.

Ndipo bibi akaomba kusema. Bibi ndiye aliyemlea Pina tangu mama yetu afariki, na tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

"Mwambie mwenzangu," akasema taratibu, "mtoto huyu kazi haogopi, njaa haogopi, anaogopa radi. Mpaka leo ikipiga anakuja kitandani kwangu. Huko anakokwenda mimi sipo. Radi ikipiga asimwache peke yake. Ni hilo tu, mengine watajuana."

Wote wananitazama mimi. Nikafungua mdomo, na jamani, ile peroni ilikuja yenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, nikaimeza.

"Bibi, sijui. Yale yote niliyosema yalikuwa ya treni."

Mjomba akaketi kama gunia. Shangazi akauliza, "Kwa hiyo mimi nimelilia treni?"

Bibi hakucheka wala hakunigombeza. Akajiinua, akachukua sufuria tupu jikoni, akaibamiza kwa mwiko, pwaa!, akamvuta Pina kutoka nyuma ya pazia la mlango, akamziba masikio, akampakata kifuani lile jitu zima. Kisha akamsogezea Mama Marek sufuria na mwiko. Mama Marek akagonga kidogo, kwa woga, halafu akaviweka chini, akamkumbatia Pina na kumziba masikio, machozi yanamchuruzika. Bibi akaomba chakula.

Siku hizi nasoma kwa yule dada wa kila jioni, ananisahihisha mpaka wali unaungua, na neno la kwanza nililomwomba ni radi. Cheti nimekitoa ukutani, na sitajiita tena mkalimani wa kitu nilichokisikiliza huku nakuna nazi.

Juzi Pina alituma ujumbe kutoka ng'ambo kwa wakwe, alikohamia baada ya harusi, kwamba mbingu zilinguruma, na kabla hajaita mtu mama mkwe alikuwa mlangoni, mto kwapani. Nikapanda bodaboda mpaka Masaki kumsomea bibi, watoto wakaanza "Peroni! Peroni!", na siku hiyo sikuinamisha kichwa.