Damu Iliyopelekwa Dirishani

Mukagasana hakuwahi kununua kitenge chini ya taa. Muuzaji wa Goma angeweza kuusifia mzigo wake mpaka mate yamkauke. Mukagasana angekibeba kitambaa hadi mlangoni, akikunjue juani, akikunje tena, ndipo aulize bei.

"Taa iko ya mwenye duka," alizoea kusema. "Jua haiko ya mutu."

Na kitu kingine: hakumuuliza muuzaji kasoro ya mali yake hata siku moja. Ukimuuliza mtu doa hili limetoka wapi, atakupa hadithi, na hadithi huongeza bei. Unatazama mwenyewe, unanyamaza, unaamua.

Kwa sheria hizo mbili alijijenga. Alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, na alipoletwa Gisenyi, upande wa Rwanda, alikuwa msichana mwenye vitenge vichache begani, akivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Sasa ana meza sokoni, tena meza ya pembe ya mlangoni, ambako jua la asubuhi huingia na kujilaza juu ya vitambaa kama paka. Meza ya Robinah, muuzaji mwenzake aliyerudi kutoka Uganda, iko ndani zaidi, penye kiza. Miaka yote hiyo Robinah ameitamani ile pembe, wala hajawahi kuficha.

Kiangazi kilichopita mwili wa Mukagasana ulianza kumwacha njiani. Alikuwa akikunja kitambaa, mara soko lote linasogea mbali, sauti za watu zinamjia kama zinatoka chini ya ziwa, na vitenge vinapumua taratibu kwenye kamba. Haikuwa hali mbaya, kusema kweli, ila mtu anayeelea hapatani bei vizuri. Akaenda kituo cha afya.

Mpimaji wa damu alikuwa kijana anayeitwa Rugwiro, aliyekulia Tanzania. Akamfunga mpira mkononi. Mishipa ikajitokeza chini ya ngozi, ya kibuluu, kama mito inavyoonekana kutoka mlimani Kanama. Sindano ikaingia, na kichupa kikaanza kujaa kitu cheusi-cheusi, rangi ya divai ya misa.

"Mwanangu, leta hiyo dirishani."

"Nilete nini, mama?"

"Damu. Nione ku jua."

Rugwiro alicheka, lakini alikipeleka. Mukagasana akakitazama kama anavyotazama kitambaa. Damu ya kidole kilichokatwa na mkasi aliijua, nyekundu inayopiga kelele. Hii ilikuwa imefifia na kuzama. Rangi ya namna hiyo aliiona kwenye mzigo uliokaa sana stoo mpaka ukaingiwa na unyevu. Mzigo uliokufa.

Hakuuliza neno. Akaambiwa arudi kuchukua majibu baada ya siku chache, akashukuru, akatoka.

Alitembea kando ya ziwa. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, hata mstari wa kuvitenganisha haukuonekana. Aliiona damu yake ikizunguka ndani, polepole, kama wavukaji wa mpakani pale Grande Barrière siku ya foleni, kila mmoja na mzigo uliochakaa kichwani. Hakulia. Alifikiria pembe. Mali ya mtu anayekwisha hununuliwa kwa bei ya huruma. Afadhali kuikabidhi mapema kwa mtu anayejua kazi. Akaenda moja kwa moja kwa Robinah.

"Ile pembe, chukua. Wiki ijayo unahamisha vitu."

Robinah aliyekuwa akipima kitambaa akasimama na mkono hewani. "Kwa bei gani?"

"Chukua tu."

"Nyabo, mama, we uko mugonjwa?"

"Damu yangu imekuwa nyeusi. Niliiona na macho yangu, ku dirisha."

"Na muganga alisema nini?"

"Sikumuuliza."

Robinah alimtazama, akaitazama pembe. Jua lilikuwa bado limelala pale. Ungemwona akimeza mate.

"Sitaki," akasema mwishowe. "Mutu akikuuzia na woga, kesho anakuja kulia ku mulango wako na anataka kitu yake. Simama, twende."

Walimkuta Rugwiro akipanga vichupa kwenye kibao. Robinah ndiye aliyeuliza kwa nini damu ile ilikuwa nyeusi.

"Nyeusi?" Rugwiro akashangaa. "Mama, njoo utazame hivi."

Vichupa vya asubuhi nzima vilikuwa vimesimama mstari mmoja. Damu ya mjamzito, ya askari, ya kijana wa mpira mwenye mapaja kama magogo. Mukagasana alivibeba kimoja kimoja hadi dirishani. Vyote rangi ileile. Mzigo wa robota moja.

"Damu ya mshipa ndivyo ilivyo," Rugwiro akasema. "Imeshagawa hewa yake mwilini, inarudi mapafuni kuchukua nyingine. Ikishachukua, inang'aa. Yako nimeshaipima, ni pungufu tu, ndiyo maana unapata kizunguzungu. Utaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Na ule maharage, mchicha mnaouita dodo, maini."

"Na hii buluu?" Mukagasana akanyoosha mkono.

"Hakuna damu ya buluu. Ngozi ndiyo inayokuchezea macho."

"Kumbe ngozi ndo taa ya mwenye duka," akasema. Akafikiri kidogo. "Bon, sawa. Na huko ndani kabisa, penye mwanga haifikake, iko rangi gani?"

Rugwiro akarudisha kichupa kwenye kibao. "Mama, huko hakuna anayetazama."

Jibu hilo lilimfuata hadi sokoni, likakaa naye mchana kutwa. Jioni, wauzaji walipoanza kushusha milango, alifunika kitenge chekundu kwa mtandio mwembamba wa kahawia, na wekundu ukawa rangi nyingine isiyo na jina. Kisha giza likaingia mezani, na vitenge vyote vikaacha kuwa na rangi, vikabaki uzito na harufu tu. Akaweka kidole kwenye kiwiko. Kule chini kitu kilikuwa kinapita, kinakwenda kuchukua hewa, hakimuombi mtu ruhusa.

"Nyabo," Robinah aliita kutoka kizani. "Na ile pembe?"

"Pembe gani? Si ulikataa?"

"Nilikataa ya bure. Sasa nauliza bei."

Mukagasana akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, akafunga fundo la mwisho la mzigo wake.

"Kuja kesho asubuhi, jua likiingia. Mi sipatanake bei mu giza."