Wimbo wa Kumi na Moja

Redio ya baba ilikuwa na harufu yake. Ukiichomeka kwenye umeme ilijikohoza kidogo, kisha ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, na nyumba nzima, pale katika mtaa uitwao Kenya, jijini Lubumbashi, Kongo, ikajua kwamba baba amerudi kutoka Kasumbalesa. Huko mpakani alishinda wiki nzima akihangaika na makaratasi ya malori forodhani, na huko ndiko alikonunua, moja baada ya nyingine, diski tatu za mwimbaji yuleyule: mama mmoja mzungu wa Wales, nywele zimesimama kama amepigwa na umeme, sauti inakwaruza kama ya mtu aliyekunywa chai ya changarawe. Zote tatu ziliandikwa kwamba ndizo nyimbo zake bora kuliko zote. Mimi, Bea, nilikuwa na miaka kumi tu, lakini ujanja niliuona: nyimbo zilezile, mpangilio mwingine, picha mpya. Bukari ya jana, ugali wetu, imepashwa moto, ikabadilishiwa sahani. Ila kila diski ilificha wimbo mmoja usiopatikana kwenye zile nyingine, ili watu kama baba wanunue tena. Kwenye diski ya pili, ulikuwa wa kumi na moja.

Wimbo huo ndio uliokuwa mdomo wa baba. Alikuwa mtu wa kupigia kelele madereva mia moja, lakini neno “nilikosa” halikupita kooni mwake. Akimkosea mama, aliwasha redio, akatia diski ile, akabonyeza kumi na moja, akakaa kimya kama mtuhumiwa. Mama alijifanya kiziwi. Kisha, kabla wimbo haujaisha, aliinuka kwenda kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, na kusonga bukari. Na kwetu, mwanamke akishamtengea mumewe bukari, ugomvi umekufa, hakuna wa kuufufua. Hakuna kati yao aliyejua maneno ya ule wimbo yanasema nini. Huenda yule mama wa Wales alikuwa anasimulia habari za mbwa wake.

Kiangazi kile kosa lilikuwa kubwa. Bibi, mama yake mama, alifariki Likasi, na baba hakufika matangani. Alisema foleni ya malori ilimziba. Mkwe asiyefika kumlilia mama mkwe wake! Hata mimi, bingwa wa kuchekesha darasa, sikupata mzaha wa kutolea hapo. Mjomba Kalenga, kaka mkubwa wa mama, alikata neno: Jumapili atakuja, baba asipoomba msamaha, mama anarudi Likasi pamoja nami. Mama akapanga mfuko wake, na nguo zangu akaziweka juu.

Sasa ngoja niseme dhambi yangu. Likizo ile nilikuwa nimegundua kwamba mgongo wa diski unakamata jua vizuri. Nilijificha nyuma ya ukuta nikiwamulika machoni waendesha pikipiki, nikifurahia matusi yao. Alhamisi diski iliniponyoka, ikaanguka kwenye simenti, ikapasuka vipande viwili. Nilipoigeuza niliona ni ya pili. Vipande nikavisukuma chini ya godoro, na kwenye jalada lake nikatia diski ya tatu. Si nyimbo ni zilezile? Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema wakubwa. Mimi kilio nilikipangia siku kabisa.

Jumapili mchana Mjomba alikalia kiti cha baba. Mama alikaa na mfuko miguuni. Baba aliingia na vumbi hadi kwenye nyusi, akasalimia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye redio, akatia diski ya kwenye jalada la pili bila kuitazama. Ile harufu ikapanda. Akabonyeza kumi na moja.

Zikalipuka ngoma. Wimbo wa kurukaruka, wa harusi, yule mzungu anapiga mayowe kama ameshinda mashindano. Baba alibonyeza, akabonyeza tena. Ngoma ziliendelea.

“Hii njo jibu yako?” Mama alikuwa amesimama. “Mama yangu iko mu udongo, na weye unanipigia ya kucheza?”

“Shemeji,” Mjomba akasema polepole, “unatutukana mara ya pili.”

Mama akatia mfuko begani, akanishika mkono. Mlango ulikuwa hatua nne. Kwenye hatua ya tatu nikapata sauti.

“Ni miye! Baba, ni miye nilivunja!”

Nikakimbia nikavileta vipande. Baba alivitazama, akajaribu kuviunganisha, mtu mzima na wajihi wake. Kisha akazima redio.

“Mama Bea,” akasema. Wiki ya kupigia kelele malori ilikuwa imemmaliza koo. “Nilikosa.”

“Sisikie.”

“Nilikosa. Haikukuwa foleni tu. Niliogopa kuona weye unalia.”

Mjomba alitazama dari. Halafu mfuko ukashuka chini, taratibu, na mama hakunitazama aliposema, “Bea, leta makala ya mbabula. Weye, tutaongea kisha.”

Tuliongea, ndiyo. Makalio yangu yalihudhuria mazungumzo yote.

Leo nina miaka kumi na sita, na mitihani ya serikali inanipumulia shingoni. Siku hizi nyimbo haziishi kwenye sahani. Kila mtu anabeba dunia nzima kwenye simu, bila jalada, bila namba, bila harufu. Baba bado yuko Kasumbalesa. Akikosa, anampigia mama simu, anagugumia, anakohoa, anaanza upya, na mama anamwacha ateseke hadi mwisho wa sentensi. Mwezi uliopita niliupata ule wimbo, ulewule, kwa kugusa kioo mara mbili. Niliusikiliza peke yangu, nikaufuta. Baba hajui kwamba bado unapatikana, na kwangu mimi hatajua.