Mgeni wa Kila Miezi Mitatu

Jumatatu asubuhi redio ilisoma tanzia kama isomavyo kila siku, nami nilikuwa nikimimina chai bila ya kusikiliza kwa makini. Likatajwa jina la bibi mmoja wa Mpendae, wakatajwa watoto wake, dada yake aliyeko Matemwe na saa ya maziko, kisha likaja tangazo la marehemu mwengine. Huyo wa pili aliwahi kuwa mkuu wa ofisi, na redio ikatueleza alianza kazi lini, akapanda cheo lini na kustaafu lini. Yule wa kwanza sikumtambua. Chai haijapoa, simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa zamani wa kitalu cha miche nilichokifanyia kazi ujanani. Akaniuliza kama nimesikia redio, akaniambia kwamba bibi yule wa Mpendae ndiye Bi Mkubwa wa viriba. Nikakiweka kikombe chini. Nilihuzunika, na pamoja na huzuni nikaona haya, na wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba haya si kitu ninachokikiri kwa wepesi.

Kabla sijaanza kuandika magazetini nilikuwa karani wa mahudhurio katika kitalu kimoja nje ya mji, ambacho sina haja ya kukitaja. Hapo ilioteshwa miche ya mivinje ya kupandwa misituni na miche ya mikarafuu ya kugawiwa wakulima. Kazi kubwa ilikuwa ya viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya plastiki vinavyojazwa udongo na kutiwa mbegu, na waliovijaza walikuwa wanawake wanaolipwa kwa siku. Marehemu alikuwa hodari wao. Alichanganya udongo, mchanga na samadi kwa mkono, akafinyanga tonge, akaliangusha chini. Likivunjika atakavyo yeye kazi inaanza, lisipovunjika hakuna wa kumharakisha, hata bwana shamba. Siku moja alikuja mkubwa mmoja na gari lake saa saba mchana, mkononi ana karatasi yenye muhuri ya kuchukulia miche ya mikarafuu. Bibi alikataa kuipakia. Alisema mkarafuu mchanga hausafirishwi juani, arudi baada ya alasiri. Mkubwa alikwenda ofisini kushtaki, akatoka huko kimya, na alasiri akarudi. Sisi wa ofisini tulicheka wiki nzima, maana hatukuwa na ubavu wa kumwambia mtu yule hata kwamba ameegesha gari vibaya.

Utadhani mtu wa namna hiyo alikuwa ameajiriwa. Hakuwa. Alikuwa kibarua, na alikuwa kibarua tangu muda mrefu kabla sijafika pale. Utaratibu ulisema kwamba kibarua akifanya kazi miezi mitatu mfululizo aandikiwe barua ya ajira, na barua hiyo ndiyo inayoleta likizo, matibabu na kiinua mgongo. Kwa hiyo kila miezi mitatu ilipokaribia kutimia, vibarua wote walipumzishwa wiki moja bila ya malipo, na wiki ikiisha waliandikwa upya, kila mmoja kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika. Bibi yule, aliyewafundisha kazi mabwana shamba wawili watatu, alikuwa mgeni mara nne kwa mwaka. Utaratibu huo sikuubuni mimi, lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu. Palipoandikwa "tarehe ya kuanza kazi" nilijaza mimi, tena kwa hati nzuri, kwa sababu na mimi nilikuwa katika muda wa majaribio na niliitaka barua yangu. Yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Wenzake walipozungumza habari ya nyongeza alikuwa akiendelea kujaza viriba vyake. Mara moja tu alinambia anachokitaka: "Mie nataka karatasi moja, mwanangu. Yenye jina langu na siku niliyokuja kweli."

Mwaka mmoja wiki ya mapumziko iliangukia katikati ya kaskazi, jua kali na mvua hakuna. Alhamisi jioni nilikwenda kuwaambia wakapumzike. Wenzake wakajitanda kanga zao wakaondoka. Yeye alibaki amechuchumaa kwenye tuta, akaniuliza bila ya kuinua uso, "Na miche nayo ushaiambia ipumzike?" Nikajitia kutafuta kalamu. Jumamosi nilipofika nilimkuta ndani ya kitalu, ndoo ya kumwagilia mkononi, matuta mawili keshayamaliza. Nikamtoa. Nasema nilimtoa, sisemi nilimwomba atoke. Nilimwambia kwamba akionekana siku zake zitaungana, zitimie ile miezi mitatu, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Akaitua ndoo, akasema, "Haya, karani." Mpaka siku ile alikuwa akiniita mwanangu, na baada ya siku ile hakuniita hivyo tena.

Kesho yake alisimama nje ya seng'enge. Tulikuwa tumemchukua mwanamke mmoja wa jirani amwagilie kwa wiki ile, naye, kwa kutojua, alikuwa akimwaga maji jua la utosi na kuibabua miche. Bibi akawa anamwelekeza kutoka nje: hapa mimina kidogo, pale teremsha kuti la kivuli, hiyo iache mpaka jua lipungue. Alikuja kila siku ya wiki ile, asubuhi na alasiri, bila ya hata senti. Mimi nilimwona na nikajifanya sikumwona, na huo ndio ushujaa wote niliokuwa nao. Wiki ilipoisha miche ilikuwa imesalimika, mkuu wa kitalu akapita akatusifu sisi wa ofisini, na mwezi uliofuata nikapata barua yangu. Siku aliyorudi kazini nilimwandika kama kawaida. Tarehe ya kuanza kazi: leo.

Siku hizi kila ninapokaa watu husema kwamba vijana wetu ni wavivu, hawataki jembe, hawataki nyavu, misitu ndiyo kabisa. Nachoka kuyasikia. Juzi juzi nilikuwa Matemwe, nikamkuta kijana wa ukoo wa wavuvi analinda lango la hoteli, nikamuuliza kwa nini amekiacha chombo cha baba yake. Alisema mshahara wa getini si mkubwa kuliko fungu la samaki katika mwezi mzuri. "Lakini hapa nna barua, mzee," akanambia. "Nikiumwa, watu wanajua kuwa nna kazi." Mkono mtupu haulambwi, na vijana wameshaona mikono ya mama zao. Nakiri kwamba si kila mwenye shamba au chombo ana uwezo. Wapo ambao wenyewe wanalala na deni. Ila kumwandika mtu siku aliyokuja hakumgharimu mtu zaidi ya wino, na hilo nalo tulilikwepa, kwa sababu tulijua kitakachofuata baada ya wino.

Tulimzika alasiri ya Jumatatu ile. Watu walipoanza kutawanyika, mtoto wake mkubwa, mwalimu wa skuli, alinijia na karatasi. Ijumaa kutakuwa na hitima, na wanataka kusoma maneno machache ya maisha ya mama yao, maana redio haikusema kwamba aliwahi kufanya kazi popote. Akaniuliza kwa adabu, "Mzee, wewe ndiye uliyekuwa karani. Mama alianza kazi mwaka gani?" Tarehe ile niliiandika mara kumi na mbili katika miaka yangu mitatu pale, na hata moja haikuwa ya kweli. Aliyeniokoa ni yule mlinzi aliyenipigia simu, aliyekuwa amesimama karibu yetu. Alisema bibi aliingia mwanzo wa masika, mwaka ilipopandwa mivinje ya kando ya barabara ya kwenda kitaluni, na kwamba wao wawili ndio waliobeba miche ile kwa mikokoteni. Mwaka huo anaujua, kwani ndio aliozaliwa binti yake.

Niliomba kalamu. Nikaandika jina lake, na mbele yake mwezi na mwaka aliokuja kweli, nikatia saini yangu ingawa hakuna aliyeniomba saini. Kama nimejifunza kitu, ni hiki kidogo: mtu akija kukufanyia kazi mwandike siku ile ile, kisha usimwandike tena. Mtoto alikisoma nilichokiandika, akakikunja, akakitia mfukoni mwa kanzu. Barua yake bibi ameipata, kwa hati ya karani yule yule, siku ya maziko yake.