Nishani Ambazo Bibi Hakuziona

Juzi, mgahawani pale Kabanga, nilimwona baba mdogo kwenye televisheni akistaafu jeshi la wanamaji, kifua kimejaa nishani. Watu walipiga makofi. Mimi nikasikia harufu ya ndizi zinazoivishwa shimoni.

Alasiri moja nikiwa mtoto, huko Bukiriro, mimi na bibi tulikuwa tunafukia ndizi za pombe, mara tukasikia buti zikikanyaga majani makavu migombani. Bibi aliona sare tu. Akanisukuma shimoni, akaingia naye, akavuta majani ya migomba juu yetu. Mlikuwa na joto na moshi, na moyo wake ulinidunda mgongoni.

“Mama! Ni mimi, mwanao! Nimekuletea nishani uione!”

Sauti ya mwanawe aliijua, lakini hakutoka.

“Vua kwanza,” alisema.

Nilidhani baba mdogo amefanya kosa kubwa. Sasa najua kwamba waliomchukua babu kule Burundi walikuja wamevaa sare.

Baba mdogo alivua koti, akalificha nyuma ya mgomba, akapiga magoti kando ya shimo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Ndipo bibi akatoka. Nishani zilizofuata zote, baba mdogo alizivulia njiani, kabla ya kufika kwa bibi.